Chuma cha Leza: Nguvu Iko Katika Kupoa

Chuma kisichoshika kutu aina ya 316L hutengenezewa vifaa vya tiba na mitambo ya viwanda vya kemikali. Mbali na chuma chenyewe, kina kromiamu asilimia 16 hadi 18, nikeli, na molibdeni asilimia 2 hadi 3. Mchanganyiko huohuo ukiyeyushwa kwa leza, tabaka kwa tabaka, unaweza kutoa chuma chenye nguvu maradufu.

Mashine hutandaza unga wa chuma kwa unene wa maikromita 30 hadi 50, mwembamba kuliko unywele. Leza hupita ikichora umbo linalotakiwa. Unga huyeyuka, hushikamana na tabaka la chini, kisha mwingine hutandazwa juu yake. Gesi ya argoni au naitrojeni huzuia oksijeni isiharibu kazi.

Kinachobadilisha mambo ni kasi ya kupoa. Kidimbwi cha metali iliyoyeyuka ni kidogo mno, na chuma kigumu kilichokizunguka hufyonza joto lake kwa kasi ya nyuzi laki moja hadi milioni kadhaa kwa sekunde. Atomi hazipati muda wa kujipanga vizuri. Ndani ya fuwele hubaki vyumba vyenye upana usiofika maikromita moja, na kuta zake ni msongamano wa kasoro za mpangilio wa atomi.

Metali hupinda kasoro hizo zinapoteleza. Kuta huzipunguza mwendo bila kuzisimamisha kabisa, kwa hiyo chuma hupata nguvu na bado hukubali kuvutwa kabla ya kukatika. Mwaka 2017, watafiti wa Lawrence Livermore National Laboratory ya Marekani na wenzao waliripoti katika jarida la Nature Materials kwamba 316L ya leza ilistahimili megapaskali 450 hadi 590 kabla ya kuanza kupinda bila kurudi. Kiwango cha chini kwa 316L ya kawaida ni 170.

Kutu nayo hukosa pa kuanzia. Vishimo vyake hupenda kuchimbika penye chembe za salfidi ya manganizi, na kupoa ghafla huzinyima muda wa kukua.

Njia hii pia ina gharama. Leza ikiwa dhaifu, unga hauyeyuki wote. Ikizidi, metali huchemka na kunasa viputo. Matundu hayo, pamoja na uso usio laini, huanzisha nyufa kipande kinapotikiswa mara kwa mara. Mkazo uliobaki ndani hukikunja, na nguvu yake hutofautiana kwa kufuata mwelekeo wa tabaka.

Kukipasha moto kwa kiasi hupunguza mkazo. Ukizidi nyuzi 1,000, vyumba hufutika na sehemu kubwa ya nguvu ya ziada huenda navyo. Ndiyo maana cheti cha viambato peke yake hakimtoshi mnunuzi: aulize pia leza ilikuwa na nguvu gani, kipande kilijengwa kikielekea wapi, na baadaye kilipashwa moto kiasi gani.