Mshumaa wa Mshazari na Kifaa Chake cha Mbao

Mshumaa wa dukani ni mweupe, mwembamba, na una kazi moja: kuwaka umeme ukikatika. Mshumaa wa tabaka za mshazari ni kitu kingine kabisa. Una unene wa sentimita 7 hivi, ndani yake zimepangana rangi tatu au nne, na kila rangi imekaa upande, imepanda ubavu mmoja na kushuka ubavu wa pili. Anayeuona kwa mara ya kwanza hudhani umepakwa rangi kwa brashi. Haukupakwa. Rangi hizo zilimiminwa moja baada ya nyingine ndani ya kalibu iliyoinamishwa.

Kanuni yenyewe ni ya maji. Nta iliyoyeyuka haijali chombo kimelala vipi. Uso wake hutulia bapa. Ikiganda hivyo, kisha kalibu ikasimamishwa wima, tabaka linabaki limeinama. Kwa hiyo fundi hahitaji mkono wa msanii. Anahitaji kitu kitakachoishika kalibu katika pembe ileile, bila kutikisika, hadi nta igande. Kitu hicho hakina sababu ya kuagizwa kutoka mbali.

Iyunga, upande wa magharibi wa Jiji la Mbeya, ni mahali pazuri pa kukitengeneza. Hapa ni eneo la viwanda, reli ya TAZARA inapita, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, kiko jirani. Mbao za paina hazina shida, kwa kuwa msitu wa Sao Hill, shamba kubwa la miti la serikali, uko Mufindi, mkoa wa jirani wa Iringa. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, limewafundisha wajasiriamali wengi nchini kutengeneza sabuni, batiki na mishumaa. Mishumaa inayofundishwa zaidi ni ile myeupe ya kawaida, na sokoni inagombana na ya viwandani iliyo ya bei ya chini. Hiyo ndiyo sababu mshumaa wa mapambo unastahili kuangaliwa kwa makini: mnunuzi wake hatafuti mwanga peke yake.

Kifaa cha kuinamishia ni mbao mbili za urefu wa sentimita 30, zilizounganishwa ncha moja kwa bawaba mbili. Ubao wa chini unalala mezani, wa juu unainuliwa na kuegemezwa kwa kijiti. Hesabu yake ni nyepesi: ncha ya ubao wa juu ikiinuliwa hadi kimo cha sentimita 15, pembe ni nyuzi 30, ikifika sentimita 21 hivi, ni nyuzi 45. Mwenye wasiwasi ahakikishe kwa kipimapembe cha seti ya hisabati ya mwanafunzi. Juu ya ubao ulioinama hupigiliwa kipande cha mbao cha kuzuia kalibu isiteleze. Bila kipande hicho, siku moja kalibu itaporomoka na nta ya moto itamwagika miguuni mwa mtu.

Pembe ina gharama yake. Kalibu ya kipenyo cha sentimita 7 ikilala nyuzi 30, upande mmoja wa tabaka unapanda sentimita 4 zaidi ya mwingine. Kwa nyuzi 45 tofauti inafika sentimita 7. Mshumaa wa kimo cha sentimita 15 hauwezi kubeba tabaka nyingi za namna hiyo kabla nta haijaanza kumwagikia mdomoni. Anayeanza abaki kwenye nyuzi 30, na tabaka la mwisho alimimine kalibu ikiwa wima ili kichwa cha mshumaa kiwe bapa.

Kalibu yenyewe ndiyo inayowashinda wengi. Kopo la maziwa ya unga linavutia, lakini mdomo wake umekunjwa ndani na mshumaa hautoki. Bomba la plastiki la maji nalo huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 80, na huharibika likimiminiwa nta ya moto sana. Suluhisho bora liko kwa fundi bati. Kipande cha bati la bapa chenye upana wa sentimita 24 hukunjwa kuwa duara, kingo zikapandana sentimita 2, kisha kikafungwa kwa waya wa kufungia nondo. Duara hilo husimamishwa juu ya kibati cha chini, na maungio huzibwa kwa unga wa ngano uliokandwa. Mshumaa ukishaganda, waya unakatwa, bati linafunguka lenyewe. Kalibu ya kimo cha sentimita 15 inakula nta kama nusu kilo.

Utambi unataka akili kidogo. Kalibu ikilala, uzi uliolegea huangukia ubavuni. Njia nzuri ni kusimamisha spoku ya baiskeli iliyopakwa mafuta ya kula katikati ya kalibu, na kuichomoa nta ikishashikamana, ndipo utambi upitishwe kwenye tundu. Uzi wa pamba uliosukwa ni bora kuliko uliosokotwa tu. Tangu Mfaransa Cambacérès alipoanza kusuka tambi mwaka 1825, ncha ya utambi hujipinda na kuungua yenyewe, wala haihitaji kukatwa kila mara.

Halafu kuna joto, na hapa Mbeya ina tabia zake. Nta huyeyushwa ndani ya sufuria iliyowekwa kwenye sufuria nyingine ya maji, kamwe si juu ya moto moja kwa moja. Nta ya parafini ikikaribia nyuzi 200 mvuke wake unaweza kushika moto, na moto huo haumwagiwi maji. Unafunikwa kwa kifuniko. Mji ukiwa kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, si 100. Kwa nta hilo ni jema, maana nyingi huyeyuka chini ya nyuzi 68, na ya nyuki huyeyuka kwenye 62 hadi 64.

Baridi ndiyo tatizo. Juni na Julai tabaka hupoa haraka mno, na linalofuata linakataa kushikana nalo. Mshumaa unaachana kwenye mstari wa rangi. Basi kalibu izungushiwe pumba za mpunga ndani ya boksi, nazo si adimu katika mkoa wenye mpunga wa Kyela na Mbarali. Tabaka jipya limiminwe la chini likiwa limeganda lakini bado linabonyea kidogo kwa kidole, na nta iwe kwenye nyuzi 70 hadi 75. Ikizidi hapo, rangi mbili zitachanganyika.

Kila tabaka, kalibu inazungushwa. Ikigeuzwa nusu duara, rangi hupishana kama kabari. Ikigeuzwa theluthi, huonekana kuuzunguka mshumaa. Isipogeuzwa kabisa, mistari huwa sambamba. Alama tatu za chaki kwenye bati zinatosha kuongoza.

Rangi ya chakula haifai, kwa kuwa ni ya maji na haiingii kwenye nta. Kalamu za nta za watoto huingia, ila zikizidi huziba utambi, na moto unafifia. Mshumaa mmoja wa kila mchanganyiko uwashwe hadi mwisho kabla ya kupeleka mingine sokoni. Mabaki ya rangi zilizochanganyika huwa ya kahawia. Yakiyeyushwa tena na kuchujwa kwa kitambaa, yanafaa kwa tabaka la kwanza chini kabisa.