Si kila lengelenge ni la mdudu

Katika mashamba ya majani chai ya Kericho na Bomet, mgonjwa mwenye malengelenge huniambia hata kabla hajaketi: “Daktari, ni Nairobi fly.” Mara nyingi husema kweli. Mdudu huyo mwekundu na mweusi haumi. Akipondwa juu ya ngozi ndipo hutoa sumu inayoibabua. Jeraha hutokea baada ya siku moja hivi, aghalabu kama mstari, na hupona.

Lakini kuna mama mmoja, mchumaji majani chai, aliyejipaka dawa ya mdudu siku tatu nzima. Alipofika kwangu alikuwa na homa, macho mekundu na midomo iliyochunika. Nilipomhoji, alisema alianza kumeza tembe za salfa wiki mbili awali. Niliweka kidole kwenye ngozi iliyoonekana nzima kando ya lengelenge, nikaisukuma taratibu upande mmoja. Ikateleza na kubambuka kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Tulimkimbiza hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Alipona, ingawa macho yake humsumbua hadi leo.

Ishara hiyo huitwa Nikolsky, kwa jina la daktari Mrusi aliyeieleza mwaka wa 1896. Maana yake ni kwamba tabaka la juu la ngozi limeachana na la chini. Kwa watu wazima, huonyesha hasa magonjwa mawili ya hatari. La kwanza ni madhara makali ya dawa, kama yaliyompata mama huyo. La pili ni pemfigasi, ambapo kinga ya mwili hushambulia kinachounganisha chembe za ngozi. Malengelenge yake ni tepetepe, hupasuka upesi, na mara nyingi vidonda hutangulia kinywani.

Pemfigoidi, ambayo huwapata zaidi wazee, ni tofauti. Malengelenge yake yamejaa na kukaza, huwasha sana, na kwa kawaida ngozi ya kando haitelezi.

Kidole pekee hakitoshi. Kipande cha ngozi hupimwa maabara ili kuthibitisha. Lakini kidole humwambia daktari wa zahanati ni nani asiyeweza kungoja kesho.

Msomaji, usijijaribu nyumbani, utajichubua bure. Ukitokwa na malengelenge pamoja na homa, macho mekundu au vidonda vya kinywa baada ya kuanza dawa mpya, usimeze tembe nyingine. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na pakiti ya dawa mkononi.