Fahamu: Mkataba wa Lusaka uliozima vita Msumbiji

Vita vya ukombozi wa Msumbiji dhidi ya ukoloni wa Ureno vilianza Septemba 1964, huku wapiganaji wa chama cha ukombozi cha FRELIMO wakipata mafunzo Kongwa na Nachingwea, Tanzania. Aprili 1974 wanajeshi wa Ureno, waliochoshwa na vita, waliipindua serikali yao.

Kwa nini FRELIMO haikusitisha vita papo hapo?
Juni 1974, mjini Lusaka, kiongozi wa FRELIMO, Samora Machel, alimkumbatia waziri wa Ureno, Mário Soares, lakini akakataa kuweka silaha chini kabla haki ya uhuru haijatambuliwa.

Walikubaliana nini?
Mkataba ulitiwa saini Septemba 7, 1974. Mapigano yalikoma usiku wa manane kuamkia Septemba 8. Serikali ya mpito iliongozwa na Joaquim Chissano, na tume ya pamoja ya kijeshi ikasimamia utulivu.

Nani alipinga?
Baadhi ya walowezi waliteka kituo cha redio mjini Lourenço Marques, leo Maputo. Jaribio lao lilishindwa.

Msimamo wa Machel ulikuwa sahihi: bunduki zilinyamaza baada ya uhuru kuahidiwa kwa maandishi. Msumbiji ikawa huru Juni 25, 1975.