Sadaka Ikishatoka Mkononi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu: kila Ijumaa hapa Kariakoo wenye haja hupita duka kwa duka, na wengine hukaa milangoni mwa misikiti, nao waumini huwapa walichojaaliwa. Hilo ni jema. Lakini nyuma yake hufuata maneno: "Nimempa asubuhi, mchana namwona anakunywa soda!" Na ikifika Idi: "Tumempa mchele wa Zakatul-Fitri, naye kauuza!" Je, tunayo haki ya kusema hivyo?

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi wetu katika pwani hii, wameeleza kuwa Zaka hukabidhiwa fakiri ikawa milki yake. Tutazame kisa cha Barira, mjakazi aliyeachwa huru. Alipewa nyama ya sadaka, naye akaitoa kwa nyumba ya Mtume (S.A.W.), ambaye kwake sadaka ilikuwa haramu. Mtume akabainisha kuwa kwa Barira ilikuwa sadaka, na kwao ni zawadi. Nyama ni ile ile. Kilichobadilika ni mwenyewe. Basi mama aliyeuza pishi ya mchele ili alipe kodi ya chumba, ameuza chake. Mwenye nyumba hapokei mchele.

Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alimtoa farasi wake katika njia ya Mwenyezi Mungu, na aliyepewa hakumtunza. Umar akataka kumnunua, akidhani atauzwa kwa bei rahisi. Mtume (S.A.W.) akamkataza asimnunue hata kwa dirhamu moja, akamfananisha mwenye kuirudia sadaka yake na mbwa arudiaye matapishi yake. Zingatieni: kosa la mtu yule lilikuwa dhahiri, wala si dhana, hata hivyo aliyekatazwa ni mtoaji. Nasi tunapoifuatia sadaka yetu kwa macho na ndimi, tunairudia vile vile.

Hatusemi kwamba mtoaji afumbe macho. Tukijua kwa yakini kuwa mtu atanunulia ulevi, tusimpe fedha. Tumpe chakula, au tuwape mkewe na watoto wake. Sura An-Nisaa, aya ya 5, yafundisha kuwa wasio na akili ya kuhifadhi mali walishwe na kuvikwa, na waambiwe maneno mema. Hata hapo maneno mema hayakuondolewa. Na yakini si dhana: soda si ulevi, na kanzu safi si utajiri. Aya ya 273 ya Sura Al-Baqara yataja mafakiri ambao asiyewajua huwadhani matajiri kwa sababu ya kujizuia kwao.

Katika sura hiyo hiyo, aya ya 264 yatuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na udhia. Mchele uliouzwa umekwisha kulipa kodi; yule mama amenufaika. Tukimsimbulia, atakayetoka mikono mitupu ni nani, kama si sisi tuliotoa?

Ewe Mola wetu, zikubali sadaka zetu, na uzilinde na ndimi zetu. Amin.