Kipakatalishi cha Michezo Nacho Kinahitaji Hewa

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, kipakatalishi kilichonunuliwa kwa ajili ya michezo hakibaki kuwa cha kijana peke yake. Mchana hutumika kwa masomo, jioni mama hupangia hesabu za biashara yake, na usiku vijana hukirudia kwa mpira na mbio za magari. Kikiharibika kwa joto, hasara ni ya nyumba nzima.

Ndani yake mna vipande viwili vyenye kazi kubwa: prosesa, na chipu inayochora picha. Mchezo unapopamba moto, joto la vipande hivyo laweza kukaribia nyuzi 95 za Selsiasi. Feni ndogo huvuta hewa, aghalabu kupitia matundu ya chini, na kuitoa ikiwa moto nyuma au ubavuni. Joto likizidi, mtambo hujipunguzia kasi ili usiungue. Hapo ndipo mchezo huanza kukwamakwama.

Feni hiyo haina hewa nyingine ila ile ya chumbani. Msimu wa kaskazi unapokaribia kwisha, Februari na Machi, joto la mchana Mombasa hufikia nyuzi 32 na zaidi, ilhali watengenezaji wengi hushauri vifaa hivi vitumike mahali pasipozidi nyuzi 35. Sisi wa pwani, basi, hatuna nafasi ya kupuuza.

La kwanza, kiondolewe kitandani. Godoro, mto na zulia huziba matundu. Kiwekwe juu ya meza ngumu, na upande wa nyuma uinuliwe sentimita 2 au 3.

La pili, vumbi. Kila baada ya miezi michache kizimwe, kichomolewe kwenye umeme, na matundu yasafishwe kwa brashi laini kavu. Kikiwa na umri wa miaka kadhaa na bado kinachemka, fundi akifungue, aondoe vumbi la ndani na kubadilisha ule ute mzito unaopitisha joto kutoka kwenye prosesa.

La tatu, mchezo wenyewe. Ubora wa picha ushushwe kidogo, na idadi ya picha kwa sekunde iwekewe kikomo cha 60. Kazi hupungua, na joto nalo hupungua.

Kisitiwe frijini wala kufunikwa kitambaa kibichi. Unyevu ni adui mwingine.

Lakini lililo zito zaidi ni betri. Joto huichakaza, na betri iliyochakaa yaweza kuvimba. Mkiona kifuniko cha chini kimetuna, au sehemu ya kupapasia kwa kidole imeinuka, kizimwe mara moja. Kisichajiwe, kisikandamizwe, kisitobolewe. Kipelekwe kwa fundi. Betri ya lithiamu iliyoharibika yaweza kushika moto, kwa hivyo kipakatalishi kisiachwe kikichajiwa juu ya kitanda watu wakiwa wamelala.

Wazazi wenzetu, kazi hii tuwakabidhi vijana wenyewe. Anayekichezea ndiye akisafishe, na ndiye akihamishe kutoka godoroni. Hapo atakuwa amejifunza kwamba starehe ina matunzo yake, na kwamba chombo kinachotumiwa na nyumba nzima ni amana mikononi mwake.