Kipawa, Mtihani na Mwanafunzi Anayejikokota: Uteuzi wa Shule za Kitaifa Nchini Kenya

Utangulizi

Katika shule zetu, mwanafunzi anayeongoza mtihani huitwa bingwa. Anayeshika mkia huitwa mbumbumbu, na watunzi wa insha humwongezea sifa ya "mzungu wa reli". Sisi wanafunzi wa Kiswahili, ambao wengi wetu tutakuwa walimu, tunapaswa kuyatahadhari majina haya. Neno kipawa lina uhusiano na kitenzi -pa: ni kitu alichopewa mtu. Aliyepewa kitu asipopata pa kukionyesha, atadhaniwa hakupewa chochote. Makala hii inanuia kueleza jinsi shule zetu za umma zimekuwa zikiwateua wanaodhaniwa kuwa na vipawa, na kuhoji anayeachwa nyuma hufanyiwa nini.

Mlango wa shule za kitaifa

Tangu mwaka wa 1985 hadi 2023, njia ya kuingia shule za kitaifa ilikuwa mtihani wa KCPE. Shule hizo, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa 18 pekee, ziliwachukua watahiniwa wenye alama za juu kutoka pembe zote za nchi. Hata hivyo, mtihani mmoja ulipima mambo mengi kwa pamoja: akili ya mtoto, wingi wa vitabu vyake, idadi ya wenzake darasani na uwezo wa mzazi kulipa karo. Si ajabu kwamba shule za msingi za kibinafsi zilitwaa nafasi nyingi kuliko uwiano wa watahiniwa wao.

Mwaka wa 2011, serikali iliamua kwamba nafasi hizo zigawanywe kulingana na idadi ya watahiniwa wa shule za umma na wa shule za kibinafsi. Uamuzi huo ulizua mjadala mkali. Wazazi wa shule za kibinafsi walidai kuwa watoto wao walikuwa wakiadhibiwa kwa bidii yao. Waliouunga mkono walijibu kwamba alama za mtoto aliyesoma katika darasa lililofurika haziwezi kupimwa kwa mizani ile ile na za mwenzake aliyejaliwa kila kitu. Mgala muue na haki umpe: kila upande ulikuwa na hoja. Ikumbukwe pia kwamba Starehe, iliyoanzishwa mwaka wa 1959, ilikuwa tayari imezoea kutazama umaskini wa familia sambamba na alama za mtoto.

Lakini pande zote mbili zilichukulia kwamba kuingia shule ya kitaifa ndiko kufaulu. Utafiti wa Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, uliochapishwa mwaka wa 2014, uliwalinganisha wanafunzi waliopita kwa alama chache na waliokosa nafasi kwa alama chache. Watafiti hao hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba shule hizo teule ziliinua matokeo ya waliojiunga nazo. Kwa maneno mengine, sifa za shule hizo zilitokana zaidi na wanafunzi waliochaguliwa kuliko na walichoongezewa huko.

Wanaojikokota

Ikiwa uteuzi hauongezi mengi, basi kazi kubwa iko katika madarasa ya kawaida. Hapa tuna ushahidi kutoka magharibi mwa Kenya. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walichunguza shule zilizopewa vitabu vya kiada bila malipo. Kwa mujibu wa matokeo yao yaliyochapishwa mwaka wa 2009, vitabu hivyo viliwafaa wanafunzi waliokuwa tayari bora, wala havikuwainua wengine. Viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wao ni lugha ya tatu, na vililenga kiwango ambacho hawakuwa wamekifikia.

Uchunguzi wa pili ni wa Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer, uliochapishwa mwaka wa 2011. Shule 121 ziliongezewa mwalimu mmoja ili darasa la kwanza ligawanywe mara mbili. Katika shule 60, watoto waligawanywa kulingana na uwezo wao. Katika shule 61, kwa bahati nasibu. Baada ya miezi 18, shule zilizogawanya kwa uwezo zilikuwa na matokeo bora, na waliofaidika ni wenye kasi pamoja na wazito. Sababu mojawapo ni kwamba mwalimu aliweza kufundisha pale watoto walipokuwa, badala ya kuwakimbilia wachache wa mbele. Hivyo basi, kuwatenga wanafunzi kwa uwezo si dhuluma kwa lazima. Huwa dhuluma pale kundi la nyuma linaponyimwa mwalimu au kufungiwa humo daima.

Darasani

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kutwa, nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye insha zake nilizijaza wino mwekundu. Alama zake hazikuzidi 4 kati ya 20. Katika wiki ya saba tulifika fasihi simulizi, naye akasimama kutamba ngano. Alianza kwa fomula, akabadilisha sauti kwa kila mhusika, akaanzisha wimbo na darasa zima likamwitikia. Ndipo nilipong'amua kwamba hakupungukiwa na lugha. Kilichomshinda ni kusoma na kuandika. Tangu siku hiyo tulikutana jioni mara mbili kwa wiki: yeye akisimulia, mimi nikiandika, kisha akiyasoma maneno yake mwenyewe. Muhula ulipokwisha alipata alama 8. Hazikuwa za kutangazwa gwarideni, lakini mpaka leo najutia zile wiki saba za kwanza.

Hitimisho

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia sekondari pevu mwaka wa 2026, na uteuzi wao haukutegemea mtihani mmoja pekee. Hiyo ni hatua. Hata hivyo, hakuna fomula ya uteuzi itakayomfundisha mtoto kusoma. Nawapendekezea walimu wanagenzi mambo mawili: tupime kila mwanafunzi kwa kusikiliza na kwa kusoma, kabla ya kusahihisha insha yake ya kwanza, na tukiwagawa wanafunzi kwa uwezo, tuwapime upya kila muhula ili anayepiga hatua asibaki nyuma. Nawaalika wahadhiri na wanafunzi wenzangu kuyajadili haya.