Hodi kwa Njia ya Waya: Kazi ya Sumaku ya Umeme katika Simu za Kwanza



Vijana wengi katika vikundi vyetu siku hizi wanatengeneza simu na redio, wengine wanafunga sola. Swali moja wanatuuliza mara kwa mara: sumaku ya umeme ni kitu gani hasa, na inafanya kazi gani? Tumeona njia rahisi ya kujibu ni kurudi nyuma kwa swichibodi za kwanza za simu kule Marekani, karibu miaka ya 1878 hadi 1900. Pale sumaku ilifanya kazi ambayo hata mtoto angeweza kuiona kwa macho. Tena kuna funzo ndani yake kwa kikundi chochote kinachotunza mambo ya watu.

Shida ilikuwa nini?

Alexander Graham Bell alipata hati ya uvumbuzi wa simu tarehe 7 Machi 1876. Simu yake ilipeleka sauti, lakini haikuweza kupiga hodi. Kama mwenzako hakuwa ameweka sikio kwenye simu wakati huo, ulikuwa unaongea na ukuta. Msaidizi wake, Thomas Watson, alijaribu kuweka nyundo ndogo ya kugonga ndani ya simu ili upande wa pili isikike "ko, ko, ko". Ilisaidia kidogo tu, kwa maana mtu akiwa chumba kingine hakusikia.

Kisha ikaja shida kubwa zaidi. Tarehe 28 Januari 1878, katika mji wa New Haven, George Coy alifungua kituo cha kwanza cha biashara cha kuunganisha simu. Wateja walikuwa 21. Swichibodi yenyewe ilikuwa kazi ya juakali kabisa: Coy alitumia bolti za magari ya farasi, na waya zilizokuwa zikitumika kutanua sketi za akina mama. Mafundi wetu msidharau vyuma vikuukuu!

Vituo vilipokua, waya hamsini au mia ziliingia katika chumba kimoja. Opareta mmoja ameketi mbele yake. Mtu anaita. Ni nani kati ya hao mia? Ukiweka kengele moja kwa wote, utajua kuna mgeni mlangoni lakini hujui ni mlango upi. Ukiweka kengele mia, ni kelele tupu. Na kama opareta anahudumia mwingine wakati kengele inalia, ikinyamaza hodi ile imepotea.

Kwa hiyo kilihitajika kitu cha kufanya mambo mawili: kuonyesha ni nani anaita, na kubaki kimeonyesha mpaka mtu aje kumjibu.

Sumaku inayotii amri

Sumaku ya kawaida, kama ile ya nyuma ya spika ya redio, inavuta chuma wakati wote. Huwezi kuiambia iache. Sumaku ya umeme inavuta pale stima inapopita, na stima ikikatika inaachilia.

William Sturgeon wa Uingereza aliitengeneza mwaka wa 1825. Alikunja chuma kama kiatu cha farasi, akakipaka vanishi, akakizungushia waya wa shaba mara 18. Chuma hicho kilikuwa na uzito wa gramu 200 hivi, lakini kiliweza kuinua karibu kilo 4. Joseph Henry wa Marekani aliendeleza kazi hiyo. Alifunika waya kwa kitambaa ili mizunguko isigusane, akaizungusha mara nyingi sana. Mwaka wa 1831, katika mji wa Albany, alipiga kengele kupitia waya wenye urefu wa zaidi ya maili moja.

Jambo alilogundua Henry ni muhimu. Stima ikisafiri mbali inafika ikiwa hafifu, kwa sababu waya mrefu unaizuia. Lakini kila mzunguko wa koili unaongeza nguvu kidogo. Mizunguko ikiwa mingi, hata stima hafifu inatosha. Hapa kweli haba na haba hujaza kibaba.

Kumbukeni pia kwamba chuma cha katikati lazima kiwe chuma laini. Chuma kigumu kama sindano au patasi kikishapata usumaku hakiuachi upesi. Ukikitumia, kitaendelea kuvuta hata baada ya stima kukatika.

Kibati kinachoanguka

Sasa twende kwa swichibodi yenyewe. Kila mteja alikuwa na koili yake, iliyofungwa nyuma ya ubao. Mwisho wa koili palikuwa na kipande cha chuma laini kwenye bawaba. Kutoka kwa kipande hicho mkono mrefu mwembamba ulipita juu ya koili mpaka mbele, na mwisho wake palikuwa na ndoano. Ndoano hiyo ilishikilia kibati kidogo kisimame wima.

Mteja akiita, stima ilipita kwenye koili. Sumaku ikavuta kile kipande cha nyuma, mkono ukainuka, ndoano ikaachilia, na kibati kikaanguka mbele: tak! Alama ya mteja ikaonekana.

Angalieni vizuri. Sumaku haikuangusha kibati. Ilifungua ndoano tu, na kibati kikaanguka kwa uzito wake chenyewe. Ni kama mtego wa panya. Panya hana nguvu ya kuvunja hata kijiti, lakini akigusa chambo anafungua nguvu iliyokuwa tayari inangoja. Ndiyo sababu stima hafifu kutoka mbali iliweza kufanya kazi ya kuonekana.

Na jambo la pili ndilo kubwa: kibati kikishaanguka, kilibaki chini. Aliyeita anaweza kuwa amechoka na kuacha kuita. Opareta anaweza kuwa ameangalia kando. Hata hivyo alama ilibaki pale mpaka mkono wa mtu uinue kibati na kukirudisha kwenye ndoano.

Safari ya simu moja

Tufuate simu moja kutoka mwanzo hadi mwisho.

1. Mteja anazungusha hendeli ya sanduku la simu. Ndani yake mna sumaku za kiatu cha farasi na koili inayozunguka katikati yake. Hiyo ni jenereta ndogo ya mkono.

2. Stima inafika kituoni, kibati chake kinaanguka.

3. Opareta anachomeka plagi kwenye tundu la mteja huyo, anamuuliza anamtaka nani, na kuinua kibati.

4. Anachomeka plagi ya pili kwenye tundu la anayeitwa, na kumpelekea stima ya kupiga kengele.

5. Wakimaliza, mteja anazungusha hendeli tena. Kibati kingine, kilichofungwa kwenye waya za plagi, kinaanguka kumwambia opareta: tumemaliza, chomoa.

Wateja wengine walisahau hatua ya tano. Basi opareta akalazimika kuingia kwenye laini kusikiliza kama bado wanaongea. Mnaweza kuona siri ngapi zilipita katika masikio yake.

Ile kengele ya nyumbani nayo ilikuwa na ujanja wake. Stima ya jenereta ya mkono inageuka huku na huku mara nyingi kwa sekunde moja. Watson alitengeneza kengele iliyounganisha sumaku ya kawaida na sumaku ya umeme. Stima ikienda upande huu nyundo inalalia kushoto, ikigeuka inalalia kulia. Hivyo nyundo moja inagonga vikombe viwili vya kengele kwa zamu.

Palikuwa na tatizo lingine pia. Koili zikikaa karibu karibu, maongezi ya laini moja yalivuja na kusikika kidogo katika laini jirani, ingawa waya hazikugusana. Mafundi walifunika kila koili kwa bomba la chuma ili kuzuia jambo hilo.

Usiku, na wakati wa ugonjwa

Usiku simu zilikuwa chache, na opareta angeweza kusinzia. Lakini simu ya usiku mara nyingi ndiyo ya daktari au ya moto. Kwa hiyo kibati kikianguka kiligusa kipande kidogo cha chuma, kikaunganisha betri na kengele ya chumbani. Kengele hiyo haikunyamaza mpaka opareta aamke akainue kibati.

Mwanzoni watu waliunganishwa kwa majina. Opareta alikumbuka kichwani ni tundu lipi la nani. Mwaka wa 1879, katika mji wa Lowell, kulikuwa na ugonjwa wa surua. Daktari mmoja, Moses Greeley Parker, akajiuliza: maopareta wetu wakiugua wote, ni nani atakayejua tundu la nani liko wapi? Akashauri kila mteja apewe namba. Namba za simu tunazotumia leo zinatokana na hofu kama hiyo. Mji haukutakiwa kutegemea kumbukumbu ya watu wachache.

Waliofanya kazi hiyo mwanzoni walikuwa wavulana, lakini wengi walikuwa na utundu na matusi kwa wateja. Tarehe 1 Septemba 1878, Emma Nutt aliajiriwa mjini Boston, akawa mwanamke wa kwanza kuwa opareta wa simu. Baada yake kazi ile ilijaa akina mama na wasichana.

Vibati vinaondoka

Kuinua kibati kwa mkono kila simu ilipoingia ilikuwa kazi ya kuchosha. Katika miaka ya 1890 ilianza kutumika betri moja kubwa kituoni. Mteja akiinua simu tu, sumaku ndogo kituoni ilivuta, ikaunganisha swichi, na taa ndogo ikawaka mbele ya opareta. Akichomeka plagi, taa ilizimika yenyewe. Hendeli ikawa haihitajiki tena.

Naye Almon Strowger, aliyekuwa akifanya biashara ya mazishi Kansas City, alipata hati mwaka wa 1891 ya mtambo unaounganisha simu bila opareta. Inasimuliwa kwamba alishuku wateja wake walikuwa wakiunganishwa na mshindani wake. Mtambo wake wa kwanza wa biashara ulianza kazi La Porte, Indiana, mwaka wa 1892. Nao pia uliendeshwa na sumaku za umeme.

Hapa Kenya simu za kupitia kwa opareta ziliendelea mashambani miaka mingi baada ya Uhuru wa 1963, na wazee wanakumbuka kungoja posta wakiunganishwa.

Je, sisi inatuhusu?

Inatuhusu kwa njia mbili.

Kwanza, mashine za kusaga posho. Nyingi zinazotumia stima zina swichi yenye kifungo cha kuwasha na cha kuzima, na ndani yake mna sumaku ya umeme inayoshikilia swichi. Stima ikipotea, sumaku inaachilia. Stima ikirudi, mota hairudi kuzunguka mpaka mtu abonyeze tena. Kumbe mtu anaweza kuwa ameingiza mkono kusafisha! Fundi akiwaambia aifunge swichi hiyo kwa waya au aizibe kwa kijiti ili "isisumbue", mkataeni kabisa. Usumbufu huo ndio unaokinga vidole vyenu.

Pili, ile orodha ya simu ambazo hukupokea, unayoiona kwenye simu yako ya mkononi, ni mjukuu wa kile kibati. Inasema: mtu alibisha, hukuwepo, bado anangoja. Je, kikundi chetu kina kibati? Mama akileta ombi la mkopo, au akilalamika juu ya mgao, linaandikwa kwenye kitabu likabaki wazi mpaka lijibiwe? Ama linabaki kichwani mwa katibu, na katibu akiugua limepotea? Watu wa Lowell walijiuliza swali hilo kabla ya msiba, siyo baada.

Jaribio la kikundi

Chukueni bolti ya chuma laini, unene wa kidole kidogo. Izungushieni waya mwembamba wa shaba wenye vanishi, mara 150 hivi, kuelekea upande mmoja. Kwangueni vanishi kwenye ncha mbili, mziguse kwa mawe mawili ya tochi yaliyofuatana. Bolti itavuta misumari midogo. Achilieni, nayo itaangusha. Guseni kwa sekunde chache tu, maana waya unapata moto. Msitumie kamwe stima ya ukutani wala betri ya gari.

Maswali ya kujadili

1. Katika kikundi chetu, ni mambo gani yako katika kichwa cha mtu mmoja tu?

2. Ni maombi gani yaliletwa mwaka huu na hayajajibiwa? Yameandikwa wapi?

3. Mwanachama asiyeweza kuongea kwenye mkutano anapigaje hodi kwetu?